Mpira Uliosimama: Tulichojifunza kwenye Uwanja wa Gofu

Maelezo yaliyotolewa na timu yetu ya miradi katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili, kwa wilaya za Tarime na Serengeti.



 Tunawashukuru akina mama wa jikoni, ambao wako kazini tangu alfajiri ili sisi tukae hapa tukisema.

Tumeombwa tueleze habari za kambi ya Desemba 2024, na tutazieleza. Lakini tunaomba uvumilivu wenu, kwa kuwa habari hizo haziwezi kueleweka bila kuanzia mahali ambapo hamkutegemea. Tutaanzia kwenye uwanja wa gofu.

Tunawaona mnacheka. Hata sisi tulicheka.

Jinsi tulivyofika huko

Mwezi Agosti 2024 baadhi ya marafiki wa kazi yetu waliandaa siku ya gofu ya hisani jijini Dar es Salaam, katika uwanja wa Lugalo, ule wa klabu ya Jeshi la Wananchi wenye mashimo 18. Wachezaji wangelipa ada, na ada hiyo ingesaidia nyumba salama za wasichana wanaokimbia ukeketaji. Wakatuandikia barua kwamba wangependa watu watano kutoka Mara wawepo.

Kamati ilipoisoma barua ile, maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja, ambaye leo yuko hapa na ameturuhusu tumtaje bila jina, aliuliza: "Watu wetu wanachota maji kwa punda, ninyi mnakwenda kutazama matajiri wakipiga kimpira?" Lilikuwa swali la haki. Tulimjibu kwamba tunakwenda kupokea mchango, kushukuru na kurudi. Kisha kamati ikamchagua yeye awe mmoja wa wasafiri, ili akaone kwa macho yake.

Tulisafiri kwa basi kutoka Tarime. Hatukuwa na nia ya kucheza. Tulibeba risala ya kurasa tatu na picha za kambi.

Fyekeo na fimbo

Pale uwanjani tulikuta wenyeji wametupangia saa mbili za mafunzo ya wanaoanza kabla ya mashindano. Tulijaribu kukwepa kwa kusema tumechoka na safari. Kijana mmoja mbeba mifuko, wale wanaoitwa kedi, alitucheka kwa adabu akasema, "Wazee wangu, mpira umesimama. Haumkimbii mtu. Jaribuni tu."

Wa kwanza alikuwa mhasibu wetu. Alivuta pumzi, akapiga kwa nguvu zake zote, akapiga hewa. Akarudia, akapiga udongo. Mara ya tatu mpira ulikwenda hatua nne, ukakaa kama unamsubiri. Dereva wetu, mtu mwenye kifua kipana, alipiga hewa mara tano mfululizo. Tulicheka hadi tukasahau uchovu.

Ndipo akaja mama mwenyekiti wa kamati mojawapo ya Serengeti, mwenye miaka zaidi ya 50, kitenge kimefungwa juu ya sketi. Alishika ile fimbo, akaiangalia, akasema, "Hii si fyekeo?" Akasimama kama anavyosimama kufyeka nyasi za uwanja wa shule, akaipeleka nyuma bila haraka, akaachia. Mpira ulipaa. Ulikwenda mbali kiasi kwamba wachezaji waliokuwa karibu waligeuka na kupiga makofi. Yule kedi alituambia kwamba ndicho kitu wanachokifundisha wageni kwa miezi: mwili ugeuke, mikono ifuate, usilazimishe. Mama huyo amefundishwa na fyekeo tangu akiwa darasa la tatu.

Kuanzia hapo hatukuweza kuondoka. Mzee wetu, yule wa swali la maji, alivua koti. Akaazimwa fulana yenye kola, maana huko huruhusiwi kucheza bila kola. Alichunga ng'ombe ujanani mwake na fimbo si ngeni mkononi mwake. Mpira wake wa kumi ulinyooka. Alisimama akiutazama mpaka ulipotua, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe." Hakuongeza neno. Lakini jioni, tulipomwambia gari linasubiri, aliomba apige mitatu ya mwisho.

Tunawaeleza haya kwa sababu ndiyo kweli: tulifurahi. Hatukutegemea kufurahi, na wengine wetu tuliona haya kidogo kwa kufurahi.

Mchezo wenyewe ukoje

Kwa faida ya wale ambao hawajauona, mchezo ni huu. Una mpira mdogo usiozidi gramu 46. Unaupiga kutoka mahali pa kuanzia hadi uingie katika shimo lenye upana wa sentimita 10.8, yaani karibu sawa na mdomo wa kopo la maziwa ya unga. Ukimaliza, unakwenda shimo linalofuata. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Uwanja kamili una mashimo 18, na kwa kawaida mchezaji hodari huumaliza kwa mikwaju kama 72. Mzee wetu alitumia 11 katika shimo la kwanza peke yake.

Sheria za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Leith, Scotland, mwaka 1744, nazo zilikuwa 13 tu. Katika Afrika Mashariki mchezo uliletwa na wakoloni. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia uwanjani kubeba mfuko, si kupiga. Hilo tusilifiche. Lakini tuseme pia kwamba wengi wa wachezaji bora wa Tanzania wametoka miongoni mwa hao hao wabeba mifuko. Na wanawake wamo: Madina Iddi wa Arusha ameiwakilisha nchi yetu, na mwaka 2024 yalianzishwa mashindano ya Lina PG Tour kumuenzi hayati Lina Nkya, aliyekuwa mchezaji wa kike.

Kuna jambo moja lililotugusa zaidi ya mengine. Katika gofu ya kawaida hakuna refa anayekufuata. Mchezaji ndiye anayehesabu mikwaju yake, na akikosea sheria mahali pasipoonekana na mtu, anatakiwa ajitaje mwenyewe. Mhasibu wetu alimaliza shimo moja akasema "tisa". Tulipokuwa tunatembea kuelekea shimo la pili alisimama akasema, "Hapana. Ni kumi na moja. Ile miwili ya kwenye majani sikuihesabu." Hakuna aliyekuwa ameiona.

Tulicheka, lakini tulipofika shimo la sita lile jambo lilitugeukia.

Shimo la sita

Ndugu zetu, wafadhili hututembelea karibu kila mwaka. Wanafika saa nne, wanapokelewa kwa ngoma, wanasomewa risala, wanakula pilau, wanapiga picha na wasichana, na saa nane msafara umeondoka. Hatuwalaumu. Sisi ndio tunaopanga ratiba. Lakini kwa utaratibu huo hakuna nafasi ya mtu kuuliza swali la pili.

Kwenye gofu mnatembea. Mnapiga mpira, mnatembea, mnautafuta, mnasubiri. Ni muda wa saa nne na zaidi, na hakuna ngoma wala kipaza sauti. Katika shimo la sita, mama mmoja mfadhili ambaye ametuchangia kwa miaka mingi alituuliza, "Wasichana wakitoka kambini mwezi Januari, wanakwenda wapi?"

Tulimjibu kama ilivyoandikwa katika taarifa: wengi hurudi kwa wazazi baada ya wazazi kuandika ahadi mbele ya polisi na ofisa ustawi wa jamii; wale ambao nyumbani si salama hubaki na kusomeshwa.

Akauliza tena, "Na baada ya ahadi kuandikwa, nani anakwenda kuangalia?"

Tulinyamaza. Mhasibu alitutazama. Sote tulikuwa tunafikiria ile mikwaju miwili ya kwenye majani.

Tukamwambia ukweli. Baada ya kambi iliyotangulia tulipanga kumtembelea kila msichana mara tatu. Wengi tuliwatembelea mara moja, na wengine hatukuwafikia kabisa. Fedha za nauli ziliisha mwezi Machi, mvua zikakata barabara, nasi tukaendelea na kazi nyingine. Wasichana watatu hatukujua walipo. Katika taarifa tuliandika kwamba "ufuatiliaji unaendelea". Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu, lakini hayakuwa hesabu kamili.

Tulitegemea atakasirika. Alipiga mpira wake, ukaenda vibaya, akasema, "Basi tuanzie hapo."

Tulichofanya Desemba

Hamhitaji kuelezwa tatizo lenyewe, lakini tuliweke wazi kwa wageni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Mara wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2015-16 ulionyesha 32. Tunashuka, lakini polepole. Miongoni mwa koo nyingi za Wakurya msimu huja mwezi Desemba, shule zinapofungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka 2024 ulikuwa mmojawapo. Wazee wa mila wakishakaa na kutangaza, msichana ana siku chache za kuamua kama atakimbia.

Anayekimbia anafika kambini akiwa na gauni moja. Amewaacha wadogo zake. Amewakosea wazazi, ndivyo anavyoambiwa, na anajua huenda hatapokelewa tena. Tunampa chakula, godoro, masomo ya haki na afya. Haya ni ya lazima. Lakini siku ni ndefu, na wiki zinapita. Mpira wa pete una timu mbili na watazamaji wengi. Wasichana waoga hukaa pembeni na kutazama mpaka kambi inakwisha.

Marafiki wa Lugalo walitupatia fimbo tisa kuukuu na ndoo ya mipira iliyokwisha rangi. Tulizipeleka kambini bila matangazo. Hatukuwa na nyasi laini, lakini tulikuwa tumeambiwa kwamba baadhi ya viwanja vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi havikuwa na nyasi fupi kuzunguka shimo, bali mchanga uliochanganywa na oili na kusawazishwa. Basi wasichana wakafagia udongo nyuma ya bweni, wakachimba mashimo matano, wakafukia makopo ya maziwa ya unga. Bendera zilikuwa vipande vya kanga vilivyofungwa kwenye mabua ya mahindi. Mama mwenyekiti wa fyekeo ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka 13, ambaye hatutataja anakotoka. Alikuwa hajasema zaidi ya jina lake kwa siku nane. Alitazama kwa siku mbili. Siku ya tatu aliokota fimbo wakati wengine wamekwenda kula. Mpishi ndiye aliyemwona. Alipiga hewa, akapiga udongo, akapiga tena. Hakuna aliyemcheka kwa kuwa hakuna aliyekuwepo, na mpira ulikuwa pale pale, unamsubiri. Ulipoingia kwenye kopo ulitoa mlio, naye akageuka kutafuta mtu wa kumwambia. Alimwambia mpishi. Jioni alimwambia mlezi jina la shangazi yake anayeishi ng'ambo ya Mto Mara, ambaye angeweza kumpokea.

Hatusemi gofu ndiyo iliyofanya hivyo. Labda angesema hata hivyo. Tunasema tu yaliyotokea na mpangilio wake.

Maswali ya haki

Tunajua yapo maswali, nasi tuyajibu.

La kwanza, je, fedha za maji au chakula zimetumika kwenye mchezo? Hapana. Gharama yetu ilikuwa nauli ya fimbo kwenye basi, na hiyo walilipa waliozitoa. Makopo yalikuwa yetu.

La pili, je, gofu itakomesha ukeketaji? Haitakomesha. Kitakachokomesha ni wazazi kukataa, wazee wa mila kubadili tamko, ngariba kuacha kisu, polisi kufika kwa wakati, na msichana kubaki shuleni. Mchezo ni wa kumsaidia mtoto apite Desemba akiwa bado mtoto.

La tatu linawahusu hasa wenzetu wa Serengeti. Mnajua kwamba Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilitangaza ujenzi wa uwanja wa gofu wenye mashimo 18 katika eneo la Fort Ikoma, pale penye ngome ya zamani ya Wajerumani. Wapo wanaouogopa na wapo wanaoufurahia. Sisi tunashauri kamati zisikae kimya wala zisianze kwa ugomvi. Ulizeni mapema: maji ya kumwagilia yatatoka wapi? Vijana wa vijiji vya jirani watafundishwa kazi ya ukedi, utunzaji wa nyasi na mchezo wenyewe? Wasichana watakuwa miongoni mwao? Tumeona Lugalo kwamba kijana anayeanza kwa kubeba mfuko anaweza kufika mbali. Lakini mlango haufunguki kwa asiyebisha hodi.

Tunachoomba

Tunamalizia kwa maombi mawili.

Kwa kamati za parokia: kila kamati ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, watakaowatembelea wasichana waliorudi nyumbani katika eneo lake. Ziara tatu kwa mwaka: mwezi Februari, Juni na Oktoba. Mkimkuta, andikeni mmemkuta. Msipomkuta, andikeni hamkumkuta. Msiandike "ufuatiliaji unaendelea". Wale watatu tuliowasema, wawili tumeshawapata. Mmoja yuko shuleni, mwingine ameolewa, naye tunamtembelea. Wa tatu bado tunamtafuta. Jina lake tutawapa wenyeviti faraghani baada ya mkutano huu, kwa sababu huenda mmoja wenu anamfahamu.

Kwa wafadhili wetu: msitutumie fimbo nyingine za gofu. Tisa zinatosha. Tunaomba nauli na mafuta ya pikipiki kwa ajili ya ziara hizo, kwa mwaka mzima na si hadi Machi. Na mkija kututembelea, msiondoke saa nane. Tutapunguza risala. Nyuma ya bweni kuna mashimo matano, na mkiyazunguka mara mbili pamoja nasi mtakuwa na muda wa kutuuliza swali la pili.

Yule mzee wetu amekwisha tengeneza fimbo yake mwenyewe kwa mti wa mzambarau. Anasema ile ya dukani ni nyepesi mno. Yuko tayari kuwaonyesha baada ya chakula.